Nairobi hadi Mombasa na kurudi kwa treni: siku moja yamtosha mama?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi:

"Habari za kazi, mzee. Mimi nafanya kazi katika duka la dawa na naishi Umoja, Nairobi. Mama yangu ana miaka 67, analima chai Kirinyaga, na hajawahi kuiona bahari. Tangu nikiwa mdogo amekuwa akisema anataka atie miguu kwenye maji ya chumvi walau mara moja. Magoti humsumbua, lakini anatembea. Nimeweka akiba ya shilingi 15,000. Jumamosi ya mapumziko ninapata moja kwa mwezi, na Jumapili saa nane mchana ni lazima niwe kazini. Nimepanga tupande treni ya Jumamosi saa mbili asubuhi na turudi na ile ya saa nne usiku. Kaka yangu anasema ni kutupa pesa, saa kumi na mbili kwenye treni kwa ajili ya saa tatu nne za bahari. Je, safari hii inafaa, au ningoje Desemba?"

Dada, nenda. Ila usiende kwa mpango huo, na usingoje Desemba.

Kaka yako hajakosea hesabu. Amekosea anachokihesabu. Mimi nimepanga safari za reli za watu wengi, vikundi vya kanisa, shule, familia zenye wazee na watoto, na saa za kukaa kwenye kiti hazijawahi kunipa jibu. Ninachohesabu ni saa za mwangaza ambazo msafiri yuko macho, hajachoka, na yuko mahali alipotaka kuwa. Kwa kipimo hicho, mpango wako ni mbaya kuliko anavyodhani kaka yako, na upo mwingine mzuri kuliko mnavyodhani nyote wawili.

Tuanze na huo wako. Treni ya saa mbili asubuhi ndiyo inayosimama njiani: Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi, Mariakani. Inafika Mombasa karibu saa nane mchana. Lakini "Mombasa" hapo ni Miritini, bara, nje ya kisiwa. Kushuka, kupita ngazi na umati ukiwa na mama mwenye magoti, kutafuta gari, hapo imeshakula nusu saa. Halafu Changamwe na Makupa pamoja na malori yake, kisiwa chote, daraja la Nyali, ndipo mfike ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ule ambao watu wanauita Pirates. Mkibahatika ni saa tisa na nusu. Msipobahatika ni saa kumi na zaidi. Jua la Mombasa huzama saa kumi na mbili na nusu hivi, na saa moja na nusu usiku inabidi muwe mmeanza kurudi Miritini, kwa sababu stesheni unatakiwa uwe umefika saa nzima kabla ya treni kuondoka.

Kwa hiyo ni saa mbili na nusu, labda tatu, za bahari yenye mwanga. Na hizo ni saa za mtu aliyeamka saa kumi usiku ili awahi Syokimau, stesheni ya Nairobi. Baada ya hapo ni usiku mzima ameketi wima, kwa sababu viti vya daraja la kawaida havilali nyuma na vinatazamana, magoti kwa magoti na mtu usiyemjua. Treni ya saa nne usiku inafika Syokimau kama saa tisa na nusu usiku. Si usiku, si asubuhi. Matatu ni za kubahatisha, teksi zinajua kuwa huna pa kwenda.

Nilimpeleka shangazi yangu kwa mpango huohuo, mwezi wa Julai. Kosa lilikuwa langu, niliona tutaokoa pesa ya chumba. Saa kumi na moja jioni alikuwa amelala juu ya leso mchangani, bahari iko mbele yake na hana macho ya kuitazama. Saa kumi usiku alikuwa amesimama nje ya stesheni Nairobi kwenye baridi ya Julai, na nguo za pwani mwilini. Hakulalamika hata neno moja, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Kwa kijana wa miaka 22 mwenye mkoba mmoja mgongoni, mpango huo si mbaya. Kwa mtu anayekwenda kutia sahihi hati, kufanya mahojiano au kuhani msiba, pia unafaa, maana ana jambo moja la kumaliza. Kwa mama, hapana.

Sasa sikia kinachofaa. Usiombe siku nyingine. Omba nusu ya Ijumaa. Mwambie mwajiri wako kuwa Ijumaa hiyo utatoka saa sita mchana, na umwombe mapema, mwezi mmoja kabla ikiwezekana, ili apate wa kukushikia zamu. Kutoka saa sita unaweza kuwa Syokimau saa nane na kupanda treni ya saa tisa mchana. Hiyo huenda haraka kuliko ya asubuhi na inafika Miritini saa mbili usiku na dakika kidogo. Mnalala karibu na ufuo. Jumamosi mnaamkia baharini, mnakaa hadi saa sita na nusu, na saa tisa mchana mnapanda treni ya kurudi. Saa mbili usiku na ushee mko Syokimau, saa tatu na nusu mko Umoja kitandani. Jumapili mama anaamka taratibu, unamsindikiza kwenye matatu ya Kirinyaga, na saa nane uko kazini.

Linganisha. Saa za treni ni kumi badala ya kumi na mbili. Saa za bahari ni tano, tena za asubuhi, mama akiwa amelala usiku mzima. Wala hakuna kiti cha usiku wa manane.

Tena kuna faida ambayo haiandikwi kwenye ratiba yoyote. Treni za saa tisa, ya kwenda na ya kurudi, hupita mbuga ya wanyama ya Tsavo jioni. Ile ya asubuhi hupita huko kati ya saa tano na saa saba mchana, wakati wanyama wamejificha kivulini, na abiria wengi huteremka Miritini wakisema Tsavo ni vichaka vitupu. Kuanzia saa kumi na moja jioni mambo hubadilika. Ndovu hutoka, wekundu kama tofali kwa sababu ya udongo wa huko, na kwa vile reli imejengwa juu ya tuta lenye mapito ya wanyama chini yake, unawatazama kutoka juu. Mkielekea Mombasa, upande wa kulia ndio wenye vilima vya Chyulu na Tsavo Magharibi, na siku mawingu yakiwa yameachia utauona na Kilimanjaro. Kushoto ni Tsavo Mashariki. Mkirudi, pande zinageuka. Huwezi kujihakikishia dirisha, lakini ukikata tiketi dirishani stesheni badala ya kwa simu, muulize karani kwa upole. Mara nyingi husaidia wakijua kuna mzee. Na mama akipata kiti kinachotazama nyuma, badilishaneni mapema, watu wengine huchafukwa na moyo.

Kaka yako anaziita hizo saa kumi kuwa ni hasara. Mimi nakuuliza, mara ya mwisho ulikaa na mama yako saa tano mfululizo, yeye hana chungu jikoni na wewe huna mteja mbele yako, ilikuwa lini? Sehemu nyingine za njia hata simu hazishiki. Nimewaona kina mama wakianza kusimulia habari za ujana wao treni ikiwa haijafika hata Emali. Hizo ni saa za safari kama zile za ufuoni, na kwenye hesabu yangu ninaziweka upande wa faida maadamu ni za mchana.

Swali hili lenyewe ni geni kwetu. Kabla ya tarehe 31 Mei 2017, Madaraka Express ilipozinduliwa, hakuna aliyeuliza kama Mombasa ni ya siku moja. Treni ya zamani iliondoka Nairobi jioni ikafika Mombasa kesho yake, mara nyingi imechelewa sana, na tulilala humo kwenye vitanda. Sasa zile kilomita 470 na kidogo ni saa tano, na wepesi huo ndio unaotudanganya kuwa kwa kuwa inawezekana kwenda na kurudi, basi inafaa.

Kuna jambo moja nataka ulishike kuliko yote niliyosema, kwa sababu wakazi wa bara huwa hatulijui. Bahari haikai mahali pamoja. Maji yakipwa pale Bamburi yanarudi mbali kabisa, na ufuo unabaki na mwani, matope, mawe na vidimbwi hadi karibu na mwamba. Mama anayetaka kutia miguu kwenye maji atalazimika kutembea juu ya vitu vinavyoteleza, na magoti hayo hayatamruhusu. Nimewaona watu wakisafiri usiku kucha wakafika saa nne asubuhi, wakaitazama bahari iko kule, wakapiga picha na tope, wakaondoka.

Lakini maji yana ratiba, na ratiba yake ni mwezi. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, wakati wa bamvua, pwani ya Mombasa maji hujaa sana kama saa kumi hivi, ya alasiri na ya alfajiri, na hupwa sana kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku yanachelewa kwa kadiri ya dakika 50. Kwa hiyo wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka na maji yamejaa saa nne asubuhi. Wakati huo wavuvi husema ni maji mafu, kwa sababu hayajai sana wala hayapwi sana. Ndiyo unayoyataka wewe. Tafuta Jumamosi ambayo mwezi ni nusu, na mama akifika ufuoni saa moja na nusu asubuhi atayakuta maji yanapanda polepole kuelekea kwenye kiti chake, hakuna haja ya kuyafuata. Kalenda nyingi za ukutani zina alama za mwezi, na intaneti ina majedwali ya maji ya Mombasa, siku kwa siku. Angalia hilo kabla hujamwambia mwajiri ni Jumamosi ipi.

Ona sasa jinsi mwezi unavyoamua hata treni. Anayetaka kwenda asubuhi na kurudi usiku, kama ulivyotaka wewe, afadhali achague Jumamosi ya bamvua, afike saa kumi alasiri akute maji yamejaa hadi juu. Akienda siku ya mwezi nusu atafika maji yakiwa yamepwa.

Mwajiri akikataa nusu ya Ijumaa, kuna njia ya pili: Ijumaa saa nne usiku mnapanda, mnafika Miritini saa tisa na nusu usiku, mnarudi Jumamosi saa tisa mchana. Saa za bahari ni zilezile. Ugumu uko hapo Miritini. Usikubali kutoka stesheni saa hiyo hujui unakwenda wapi. Zungumza kabla na nyumba ya wageni itakayowafungulia mlango usiku huo, na upate dereva anayejulikana na hao wenyeji. Mama alale hata saa tatu. Ina maana chumba utakilipia tu, kwa hiyo usiichague njia hii kwa kudhani ni nafuu. Ichague kwa kukosa Ijumaa.

Pesa. Nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwa mtu mmoja kwa safari moja tangu Januari 2024. Watu wawili, kwenda na kurudi, ni 6,000. Unabaki na 9,000. Chumba chenye vitanda viwili upande wa Bamburi, cha kawaida lakini safi, jipangie usizidishe 3,500. Zinazobaki 5,500 ni za magari na chakula, na sehemu kubwa itakwenda kwenye magari. Hapo usibanie. Kutoka Miritini kwenda Bamburi saa mbili usiku, na kurudi Jumamosi mchana, panda teksi mliyoelewana bei kabla ya kuingia. Matatu mbili tatu za kubadilisha zitakuokolea mia kadhaa na zitamaliza magoti ya mama. Daraja la kwanza ni 4,500 kwa mtu kwa safari moja, hiyo inafika 18,000 kabla hamjala kitu. Achana nalo.

Fort Jesus usiiweke kwenye mpango. Imekuwa pale tangu miaka ya 1590. Mama amesema miguu na maji ya chumvi, mpe hayo kwanza. Ila kama mtalala kisiwani badala ya Bamburi, kwa mfano kwa jamaa, nendeni Mama Ngina, kando ya mlango wa bahari wa Likoni. Pale pana viti, upepo, mibuyu mikubwa, madafu, mihogo ya kuchoma, na meli za bandarini zinapita karibu mpaka unaona watu walio juu. Bahari ya kutazama hakuna mahali bora. Bahari ya kugusa, hapana, maana pale ni ukingo wa mawe.

Kuhusu Desemba, kaka yako hajakuambia kitu kimoja: Desemba Nairobi nzima inakwenda Mombasa. Tiketi za Ijumaa na Jumamosi huisha mapema, vyumba hupanda bei, na ufuo wa umma hujaa watu hadi huoni mchanga. Mimi ningekwenda Februari. Ni msimu wa upepo wa kaskazi, bahari imetulia, maji ni vuguvugu, shule zimefunguliwa. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, upepo ni mkali na mwani mwingi husukumwa ufuoni, mbali na mvua za Aprili na Mei.

Tiketi unaweza kukata kwa simu, *639#, na kulipa kwa M-Pesa. Kata ya kwenda na ya kurudi pamoja, siku hiyohiyo. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho, na mama abebe kitambulisho chake mwenyewe. Stesheni kuna ukaguzi zaidi ya mmoja, na mahali pamoja mizigo hupangwa chini kwa mstari ili mbwa wa polisi ainuse. Mwambie mama kabla, asishtuke. Mkoba uwe mmoja, na uubebe wewe. Kila behewa lina choo, kwa hiyo asijinyime maji kwa kuogopa safari, kama wanavyofanya kina mama wengi. Na kila baada ya saa moja umshike mkono mtembee kwenye ujia, magoti yasikakamae. Kama anatumia dawa za presha, wewe ni wa duka la dawa, unajua la kufanya kuliko mimi.

Aje lini kutoka Kirinyaga? Mlete Alhamisi. Asipande matatu Ijumaa asubuhi kisha aunganishe na treni, atafika Mombasa amechoka kama angekwenda kwa basi.

Kama una wasiwasi iwapo ataivumilia treni, kuna jaribio dogo la bei ndogo. Treni za kusimama njiani huondoka saa mbili asubuhi kutoka pande zote mbili, kwa hiyo hupishana katikati ya njia. Ukiteremka kabla ya hapo katikati, unaweza kurudi na ile inayotoka Mombasa. Kwa Emali mnapata kama saa tatu za kunywa chai na kuzunguka sokoni, na alasiri mmerudi Nairobi. Stesheni za katikati nyingi ziko kando ya mji, kwa hiyo ulizia usafiri wa kuingia mjini. Kwa mzazi ambaye hajapanda treni hata mara moja, ni siku nzuri yenyewe. Lakini kwa mama yako sidhani mnaihitaji. Mtu wa miaka 67 anayechuma chai mlimani ataketi saa tano bila shida.

Jumamosi ile, mkifika ufuoni, kodisha kiti kimoja cha plastiki na mwavuli, ukiweke pale ambapo mchanga ni mkavu lakini umeanza kuwa mgumu. Mvue viatu mwenyewe. Wauza shanga na wenye ngamia watakuja, waambie tu "asante, baadaye." Saa tatu hivi maji yatakuwa yamefika miguuni pake.